Nyimbo Tunazoimba Mazishini: Zilitoka Wapi?



Kamati ya jubilii ilipogawa kazi za kijitabu hiki, wengine walipewa picha, wengine orodha ya walimu wa kwaya tangu mwanzo, na wengine hesabu ya kanda na sidii tulizorekodi. Sisi wa ofisi ya katibu tuliombwa tuandike juu ya tumaini wakati wa huzuni. Hatukushangaa. Katika miaka hii 25 kwaya yetu imeimba kwenye mazishi mara nyingi kuliko kwenye harusi, na yeyote aliyewahi kuvaa sare yetu anajua Jumamosi zetu zinavyokwenda: kukutana kanisani saa moja asubuhi, matatu ya kukodi, mochari, barabara ya vumbi, hema, vipaza sauti vinavyokoroma, kisha kaburi. Tumeimba mvua ikinyesha. Tumeimba tukiwa na njaa. Tumewaimbia wazee walioshiba siku, na tumewaimbia watoto ambao jeneza lao lilibebwa na mtu mmoja.

Nyimbo hizo tunazijua kwa namba zake tu. Mwalimu akitaja namba, tunafungua Tenzi za Rohoni, kinanda kinatoa sauti, tunaanza. Ni wachache wanaojua kwamba baadhi ya zile tunazozipenda zaidi ziliandikwa na watu ambao udongo wa makaburi ya wapendwa wao ulikuwa bado haujakauka. Tumeona tuwasimulie habari za watu hao wachache, na za waliotutangulia hapa kwetu, kwa sababu tunaamini mtu huimba tofauti akijua wimbo ulitoka wapi.

Tuanze nyumbani, Mombasa, mwaka 1844. Mwezi Mei mwaka huo Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na shirika la wamishenari la CMS, alihamia Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Walikuwa wametoka Ethiopia ambako milango ilifungwa mbele yao. Huko walikuwa wamekwisha kumzika mtoto mmoja, msichana aliyezaliwa kabla ya wakati wake nyikani karibu na Massawa. Walimwita Eneba, yaani chozi.

Mombasa haikuwapokea kwa upole. Julai homa iliwashika wote wawili. Rosine alikuwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kike akiwa katika homa hiyo. Tarehe 13 alifariki, na baada ya siku chache mtoto akamfuata mamaye. Krapf mwenyewe alikuwa taabani. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, na kaburi hilo lipo hadi leo. Wale wetu waliokwenda Mombasa na kwaya wanaweza kukumbuka kwamba tulipita karibu nalo tukienda baharini, lakini siku hiyo kila mtu alikuwa na haraka ya kuona maji.

Baadaye Krapf aliwaandikia wakubwa wake Ulaya. Aliwaomba wawaambie marafiki wa misheni kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki sasa kuna kaburi moja la upweke, na kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa kazi imeanza. Tumeisoma barua hiyo mara nyingi na bado hatuelewi mtu anapataje nguvu ya kuandika hivyo. Lakini tunaona alichofanya. Majuma machache kabla ya msiba alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Baada ya msiba aliendelea. Hakuhama Mombasa. Mwaka 1846 mwenzake Johannes Rebmann alifika, wakaanzisha kituo Rabai. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kila tunaposoma Neno kwa Kiswahili madhabahuni, tunasoma kutoka katika kazi ambayo mmoja wa walioianza alikuwa mfiwa.

Kutoka Rabai twende Kisauni. Mwaka 1875 CMS walifungua makao ya watumwa waliokombolewa, wakayaita Freretown. Kengele yake ndiyo iliyopa mahali pale jina la Kengeleni. Fikirini kidogo juu ya watu waliokaa pale. Wengi walitekwa wakiwa watoto. Hawakujua kama mama zao wako hai au wamekufa, na hakuna aliyewafanyia matanga. Walichanganywa makabila mengi, kila mmoja na lugha yake, na wakajifunza kuomba na kuimba pamoja. Kanisa la pwani lilijengwa na watu hao. Sisi tunaoona huzuni kama kitu kinachokuja kuharibu ibada tungefaa kukumbuka kwamba nchi hii baadhi ya ibada zake za kwanza zilijaa watu waliofiwa na ukoo mzima.

Mmoja wao alikuwa William Jones. Alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa India, akarudi Afrika Mashariki kufanya kazi ya Injili. Mwaka 1885 yeye na Ishmael Semler waliwekewa mikono kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Uganda kwa miguu. Walipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias, askofu alitangulia na watu wachache, Jones akabaki na wengine kungoja habari. Habari iliyokuja ilikuwa kwamba askofu ameuawa Busoga, mwezi wa Oktoba, na karibu wote aliokwenda nao wameuawa pia.

Jones aliwarudisha waliobaki hadi pwani, safari ya majuma mengi. Walipoingia Rabai mapema mwaka 1886 walitanguliwa na bendera iliyoandikwa neno moja: Ikabodi. Wanaosoma Biblia wanalijua neno hilo kutoka 1 Samweli 4. Ni jina alilopewa mtoto na mama aliyekuwa akikata roho katika uzazi, siku sanduku la agano lilipotekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame. Jones alikuwa mtumishi wa kanisa. Angeweza kuandika kwenye bendera ile neno la ushindi; hakuna ambaye angemlaumu, na labda wengi wangefurahi. Aliandika neno la msiba. Na bado aliwafikisha watu wake nyumbani. Kwetu sisi hilo ni somo kubwa kuliko mahubiri mengi tuliyoyasikia chini ya hema, lakini tusitangulize.

Sasa tuvuke bahari, maana wimbo unaoombwa na familia nyingi kuliko wote ulitoka Marekani. Mwandishi wake ni Horatio Spafford, wakili wa Chicago na mzee wa kanisa la Presbyterian. Oktoba 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, na mali ambayo Spafford alikuwa ameiweka katika viwanja na majengo ikapata hasara. Miaka miwili baadaye familia ilipanga kwenda Ulaya kupumzika. Kazi ikamzuia baba dakika za mwisho, naye akamtanguliza mkewe Anna na binti zao wanne katika meli ya Ville du Havre. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1873, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli hiyo iligongana na meli nyingine, Loch Earn, ikazama kwa muda wa dakika kama 12. Watu 226 walikufa. Anna aliokolewa. Watoto wote wanne walikufa maji. Alipofika Wales alimpelekea mumewe simu ya maandishi, na ujumbe wake ulikuwa na maana hii: nimeokoka peke yangu.

Spafford alipanda meli kumfuata mkewe. Inasimuliwa kwamba nahodha alimwita na kumwonyesha mahali ambapo ajali ilitokea, na kwamba maneno ya wimbo yalianzia hapo. Wimbo wenyewe ulichapishwa mwaka 1876. Tuni yake ilitungwa na Philip Bliss, ambaye aliiita Ville du Havre, jina la meli iliyozama. Mwishoni mwa mwaka huo huo Bliss na mkewe walikufa katika ajali ya treni, daraja lilipovunjika huko Ashtabula, Ohio.

Kwa kawaida wahubiri huishia hapo, na wakati mwingine hata kabla ya hapo. Lakini maisha ya Spafford hayakuishia kwenye wimbo. Mungu aliwapa watoto wengine, na mmoja wao, mvulana mdogo, alifariki mwaka 1880 kwa homa ya vipele vyekundu. Kulikuwa na watu wa kanisani waliosema kwamba mambo haya yote ni adhabu, kwamba lazima iko dhambi iliyofichwa. Msiba tunao, na marafiki wa Ayubu pia tunao, kila kizazi. Familia iliondoka katika kanisa lile, na mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu wakafanya kazi ya kuwasaidia maskini bila kuuliza dini zao. Spafford alifia huko mwaka 1888, kwa malaria.

Tumeandika habari hizi kwa urefu kwa sababu wimbo huo umeleta mjadala ndani ya kwaya yetu, na mwenye habari ametukubalia tuueleze bila kutaja jina lake.

Machi 2020 makanisa yalifungwa. Mazishi yaliruhusiwa watu wasiozidi 15. Kwa kwaya inayosafiri Jumamosi kwa Jumamosi, hilo lilikuwa kama kukatwa mkono. Katika miezi hiyo dada yetu mmoja wa sauti ya alto alifiwa na mumewe. Tungekwenda watu 40 na ngoma. Hatukwenda hata mmoja. Tulichoweza ni kumwimbia kwa simu. Mpwa wake aliinua simu karibu na kaburi, na sisi wachache, kila mmoja nyumbani kwake, tukaimba wimbo wa Spafford. Mtandao ulikuwa hafifu, soprano zikifika kabla ya besi, ubeti wa pili ukikatika katikati. Waliokuwepo wanasema ilisikika kama watu wanaoimba ndani ya pipa.

Tulipoanza mazoezi tena dada yetu alirudi, akakaa mahali pake pa siku zote, mstari wa pili karibu na dirisha. Aliimba kila kitu. Wimbo ule ukianzishwa alifunga kitabu na kufunga mdomo. Mwalimu alipomuuliza alijibu kwa utulivu kabisa: "Mimi si mzima. Nitaimbaje kwamba yote ni mazuri wakati si mazuri?"

Kwaya iligawanyika. Tunalisema wazi kwa sababu historia isiyo na mgawanyiko si historia. Wengine walisema imani ni kuimba hata usipojisikia, na kwamba mwanakwaya anayechagua nyimbo anavunja kwaya. Wengine walisema wimbo huo ufungwe kwa muda. Jambo lilifika kwenye kamati, na katika kamati mzee mmoja, besi wa tangu mwanzo wa kwaya hii, alisema maneno machache ambayo ofisi yetu iliyaandika katika kumbukumbu. Alisema kwaya haiimbi kwa mdomo mmoja. Asiyeweza leo, wenzake wamwimbie mpaka aweze, na asipoweza kamwe, basi wamwimbie siku zote.

Baada ya kikao kile ndipo wengi wetu tulianza kusoma, na tuliyoyasoma yametupa moyo. Mtunzi mmoja hasa. Anaitwa Thomas Dorsey, Mmarekani mweusi, mwana wa mhubiri, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899 na kujipatia riziki Chicago kwa kupiga piano katika muziki wa dunia kabla ya kugeukia nyimbo za Injili. Agosti 1932 alisafiri kwenda St. Louis kuimba kwenye mkutano wa injili, akamwacha mkewe Nettie nyumbani akiwa mjamzito wa siku za mwisho. Akiwa kwenye mkutano aliletewa simu ya maandishi: mkewe amefariki katika uzazi. Alirudi akamkuta mtoto wa kiume yu hai. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye, akazikwa katika jeneza moja na mama yake. (Mwanamke wa tatu huyo katika makala haya kufa kwa uzazi. Hatukuwatafuta, ndivyo historia ilivyo, na akina mama wa kanisa hili wanaelewa.)

Dorsey hakuimba siku ile. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba alihisi Mungu amemdhulumu, na kwamba hakutaka tena kumtumikia wala kuandika nyimbo za Injili. Alitaka arudi kwenye muziki wake wa zamani. Siku kadhaa zilipita. Kisha rafiki akamkalisha mbele ya piano, na vidole vikaanza kutafuta tuni ya zamani aliyoijua. Wimbo uliotoka ni ombi la mtu aliyechoka anayemwomba Bwana amshike mkono. Haudai kwamba mambo ni mazuri. Unasema nimechoka, niongoze. Aprili 1968 Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King. Dorsey aliendelea kuongoza kwaya Chicago kwa miaka mingi, na alifariki mwaka 1993, mzee wa zaidi ya miaka 90. Tulipomsomea dada yetu habari hii alicheka kidogo akasema, "Huyo ndiye."

Joseph Scriven tutamtaja kwa kifupi tu, yule wa wimbo wa rafiki tuliye naye katika Yesu. Inasimuliwa kwamba mchumba wake alikufa maji Ireland wakati harusi imekaribia. Mchumba wa pili alikufa kwa ugonjwa huko Kanada. Maneno yake aliyaandika kumfariji mama yake aliyekuwa mgonjwa mbali naye. Hakuyaandika kwa ajili ya kitabu.

Tulirudi pia kwenye Biblia, maana sisi si wanahistoria wa Marekani, ni wanakwaya. Zaburi 137 inatueleza habari za waimbaji waliochukuliwa mateka Babeli baada ya Yerusalemu kubomolewa mwaka 586 K.K. Waliambiwa waimbe wimbo wa Sayuni, nao wakatundika vinubi vyao kwenye miti. Kwaya iliyogoma kuimba, na kugoma kwao kumekuwa zaburi! Zaburi 88 inaanza kwa giza na kuishia kwa giza, wala hakuna aliyeiongezea ubeti wa furaha ili ipendeze. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua atakalofanya dakika chache baadaye.

Halafu kuna Maombolezo. Wenzetu waliosomea ualimu watapenda hili. Kitabu kina sura tano, na nne za kwanza zimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kama mtoto anayesoma a, be, che. Sura ya tatu ina aya 66, aya tatu kwa kila herufi. Maneno yanayopendwa na wote, yale ya rehema za Bwana zilizo mpya kila asubuhi, yapo katikati ya sura hiyo ya katikati. Baada yake mwandishi anarudi kulia, na kitabu kinaishia kwa swali ambalo halijajibiwa. Tumaini liko katikati ya kilio, limezungukwa pande zote, na halikungoja kilio kiishe. Paulo naye, katika 1 Wathesalonike 4:13, hawakatazi waamini kuhuzunika. Anawaambia wasihuzunike kwa namna ya watu wasio na tumaini. Kuhuzunika kumeruhusiwa. Tumaini letu lina jina, Yesu Kristo aliyekufa akazikwa na siku ya tatu akafufuka, na kaburi lake lilikuwa kaburi kweli kabla halijawa tupu.

Kutokana na hayo kwaya ilibadilisha mambo machache ambayo washirika wameyaona bila kuelezwa. Tukifika penye msiba hatuanzi kuimba mara moja. Tunaingia, tunawapa pole, tunakaa. Katibu anamwuliza mfiwa, si kamati ya mazishi, ni wimbo gani anaoweza kuuvumilia. Mama mmoja alituambia hataki wimbo wowote mpaka udongo uanze kurudishwa, na tukasimama kimya karibu nusu saa tukiwa na sare zetu. Kuna waliotuona wavivu. Juma lililofuata mama yule alikuja kanisani, mara yake ya kwanza baada ya miaka mingi, akakaa nyuma kabisa.

Jumapili ya jubilii, baada ya somo la pili, kutakuwa na sehemu ya kuwakumbuka wanakwaya wenzetu 11 waliolala katika Bwana tangu kwaya ianzishwe. Majina yatasomwa na mishumaa itawashwa na familia zao. Wimbo wa kwanza utakuwa ule wa Dorsey, ambao tumeufanyia mazoezi tangu Januari na besi bado wanauvuta. Baada yake ni wa Spafford, bila kinanda, sauti nne. Dada yetu atakuwa mstari wa pili, karibu na dirisha. Tulimwuliza wiki iliyopita kama atauimba. Alisema ataona siku hiyo.